Yule Aliyekataliwa na Seva

Nilifika Shinyanga mjini nikitokea Nyarugusu, na sikuwa na cheti chochote cha kompyuta. Kule machimboni nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Baadaye wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu wakaanza kuniletea na laptopu zao zilizojaa vumbi jekundu. Nilizifungua, nikazipuliza, nilichoshindwa nikakisoma mtandaoni, nikajifunza hivyo hivyo. Kwa hiyo redio moja ndogo ya hapa Shinyanga iliponiita niwe fundi wao wa kompyuta, nilikubali haraka kabla hawajaniuliza maswali mengi. Tangu siku hiyo nikaishi na hofu kwamba ipo siku watayauliza.

Redio ilikuwa na seva moja, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi mafaili ya wote, inayotumia mfumo wa Linux, iliyowekwa na fundi aliyenitangulia. Yeye alikuwa ameshahamia Mwanza na hakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Ndani ya seva hiyo kulikuwa na kila kitu kilichorekodiwa: vipindi, mahojiano, matangazo ya misiba, taarifa za ng'ombe waliopotea. Watangazaji wenyewe walitumia kompyuta za Windows, nazo zilikuwa tatu, moja studio, moja chumba cha habari, na moja kwenye chumba kidogo cha matangazo kilichopakana na jiko la chai. Mtu aliketi kwenye mojawapo, akaingia kwa akaunti yake, akafungua folda iliyokuwa kwenye seva, akaandika jina lake na neno lake la siri, akachukua faili analolitaka.

Chumba kile cha matangazo kilikuwa cha mama mmoja aliyekaribia kustaafu. Wote tulimwita Mama, hata meneja. Alikuwa na kipindi cha asubuhi cha watu wanaotafuta ndugu zao, na wengi waliokuja kwake walikuwa wazazi na wake wa vijana waliokwenda kuchimba na hawakusikika tena. Walifika wakiwa na Kisukuma tu mdomoni. Yeye alikaa nao, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawasaidia kuliweka jambo lao kwa Kiswahili na kulirekodi. Aliandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili, miwani yake ikiwa imefungwa kamba shingoni, na kila alipomaliza alijitoa kabisa kwenye kompyuta kabla ya kuinuka. Kompyuta ilipomuuliza kama ilikumbuke neno lake la siri, alikataa. Yule fundi wa zamani aliwahi kumwambia kwamba neno hilo ni la kwake peke yake, na yeye akalishika hivyo.

Wiki ninayoikumbuka ilianza na mfanyakazi mmoja kuacha kazi kwenda redio nyingine. Meneja akanitaka nibadilishe maneno ya siri ya watu wote. Jumamosi nikakaa mbele ya seva, nikabadilisha jina baada ya jina, nikaandika kila neno jipya kwenye kikaratasi na kukikunja. Nikajaribu kuingia kwenye seva kwa majina mawili matatu, nikaingia vizuri. Jumatatu asubuhi nikagawa vikaratasi, nikarudi kwenye chumba changu nikijiona mtu wa maana.

Haikupita nusu saa Mama akaja mlangoni. Alisema seva imemkataa. Nikamwambia aangalie herufi kubwa na ndogo. Akaenda, akarudi, imemkataa tena. Nikaingia kwenye seva moja kwa moja kwa jina lake na neno lake jipya, nikapokelewa bila tatizo. Kwangu mimi hilo likamaliza mjadala. Watangazaji wengine walikuwa wanafungua mafaili yao kama kawaida na hakuna aliyelalamika. Kama neno ni sahihi na wenzake wote wanaingia, kilichobaki ni vidole vyake.

Asubuhi hiyo alihitaji tangazo la mwanamke mmoja kutoka Kishapu, aliyekuja Ijumaa kumtafuta mdogo wake wa kiume. Kijana huyo alikuwa ameaga kwamba anakwenda Nyarugusu, na tangu hapo ikawa kimya. Nililitoa faili kwenye seva, nikaliweka kwenye fleshi na kumkabidhi Mama, tangazo likaenda hewani kwa wakati wake. Lakini kwa siku mbili zilizofuata ilimbidi atembee ukumbi mzima kuja kwangu kila alipotaka faili, na kila alipofika nilimpokea kwa uso uliokunjamana zaidi.

Jumanne nikambadilishia kibodi, nikidhani labda chai ilimwagikia. Sikuketi kuandika neno hilo mwenyewe kwenye kompyuta yake, hata mara moja. Ningefanya hivyo ningejua, na nadhani kuna upande wangu uliokuwa unaogopa kujua. Alipokataliwa tena, nilimjibu tukiwa katikati ya chumba cha habari, watu wamekaa.

"Wenzako wote wanaingia, Mama. Ni wewe tu."

Watu wawili wakacheka. Yeye alinitazama kidogo, akavaa miwani yake, akarudi chumbani kwake.

Jumatano asubuhi meneja aliniita. Alikuwa amesikia habari za Mama kukataliwa. Aliniuliza kwa upole kama Mama sasa anashindwa na kompyuta, kwa sababu alikuwa anafikiria kumpa mtangazaji mwingine kile kipindi na kumpeleka Mama mapokezi mpaka astaafu. Nilijua hapo ndipo pa kusema kwamba sina uhakika, kwamba sijachunguza vya kutosha. Badala yake nilisema anajitahidi. Ni jibu linalosikika kama la huruma, lakini meneja aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa alilokuwa analiwaza. Nilitoka pale, wala sikurudi kulirekebisha.

Mchana wa siku hiyo Mama alikuja chumbani kwangu na daftari la shule. Nilimsalimia, "Shikamoo, Mama," akaitikia, akaomba kukaa. Kisha akafungua daftari na kunisomea taratibu. Alikuwa ameandika kila jaribio tangu Jumatatu: saa, kompyuta gani, ameandika neno gani, na ujumbe uliotokea kwenye kioo, amenakili herufi kwa herufi ingawa ulikuwa wa Kiingereza. Chumba cha matangazo, neno jipya, imekataa. Studio, neno jipya, imekataa. Chumba cha habari, neno jipya, imekataa. Halafu akafika kwenye mistari ya asubuhi ile. Alikuwa amejisahau na kuandika neno la zamani kwa mazoea, na folda ikafunguka. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaandika jipya, ikakataa. Akazima tena, akaandika la zamani, ikafunguka.

"Sijui kama nimekosea kutumia la zamani, mwanangu," alisema. "Ila nimeona nikueleze kabla sijaligusa tena."

Nilitaka kumwambia haiwezekani. Neno la zamani nilishalifuta kwa mkono wangu. Lakini daftari lilikuwa mbele yangu, na mtu aliyezima na kuwasha kompyuta mara mbili ili apate hakika si mtu wa kumwambia haiwezekani. Tukaenda wote kwenye kompyuta yake. Kwa mara ya kwanza nikaketi mimi kwenye kiti, nikaandika neno jipya kwa mkono wangu, nikakataliwa. Nikaandika la zamani, nikakaribishwa.

Nikatoka kwenda chumba cha habari, nikamuuliza mtangazaji aliyekuwepo ameandika neno gani tangu Jumatatu. Alisema hajaandika lolote, folda inafunguka yenyewe. Kikaratasi nilichompa alikitoa mfuko wa shati, bado kimekunjwa vilevile. Wenzake nao walikuwa hivyo hivyo. Kompyuta zao zilikuwa zimelikumbuka neno la zamani tangu zamani za yule fundi, zikawa zinaliwasilisha kimyakimya kila wanapofungua folda. Katika jengo zima mtu mmoja tu alikuwa ametii agizo langu, na ndiye aliyefungiwa mlango.

Nilirudi kwenye seva na kusoma kile nilichopaswa kukisoma kabla ya kugusa chochote. Seva ya Linux haizungumzi na kompyuta za Windows yenyewe. Ina programu iitwayo Samba inayosimama katikati na kuzionyesha kompyuta hizo folda za seva. Samba hiyo ina orodha yake ya majina na maneno ya siri, mbali na orodha ya seva. Kama hujaziunganisha, ukibadilisha huku, kule hakuna kinachobadilika. Mimi nilikuwa nimebadilisha upande mmoja tu. Ndiyo maana nilipojaribu nikiwa kwenye seva yenyewe niliingia, na Mama alipojaribu akiwa kwenye Windows alikataliwa. Kumbe hata yule aliyeacha kazi, ambaye ndiye sababu ya zoezi zima, neno lake lilikuwa bado linafanya kazi.

Nililifuta jina lake, nikaweka maneno mapya upande wa Samba. Mama akajaribu, akaingia. Dakika ile ile wengine wote wakaanza kukataliwa, kwa kuwa kompyuta zilikuwa zinaendelea kupeleka neno la zamani. Ikabidi tupite kompyuta zote tatu, tuingie mahali Windows inapohifadhi maneno ya siri na kuyafuta yale ya seva. Ya studio ilileta ujumbe mwingine, kwamba huwezi kuunganishwa na seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Mama, aliyekuwa pembeni yangu muda wote, aliusoma kwa sauti na kuuandika. Tukaizima na kuiwasha, ikakubali. Saa kumi jioni kila mtu alikuwa anaingia kwa neno lake jipya.

Nilikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, kwa sababu nilijua nikilala nalo nitapata namna ya kulipunguza. Nilimwambia kosa ni langu tangu mwanzo, na Mama hakukosea hata herufi moja. Nikiwa nimeshaanza kusema, nikamwambia na lile la cheti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Cheti sikukuuliza kwa sababu nilijua huna," alisema. "Nilichokuuliza ni habari ya Mama. Ulinijibu nini?"

Akaniambia nikamwombe radhi pale pale nilipomwaibisha, mbele ya wale wale.

Alhamisi asubuhi nilifanya hivyo. Nilisimama kwenye chumba cha habari na kueleza lilivyokuwa, kwamba Mama ndiye peke yake aliyefuata maelekezo yangu, nikamwomba anisamehe. Waliocheka walitazama chini. Yeye alisema ameshasamehe, kisha akaongeza kitu ambacho nakikumbuka neno kwa neno.

"Nilijua siandiki vibaya. Ila sikuwa na namna ya kulisema hilo kwa lugha yenu, ndiyo maana nikaandika."

Siku ileile, kabla ya saa sita, simu ya studio iliita. Alikuwa kijana kutoka Nyarugusu. Mwenzake kwenye duara, yaani shimo wanalochimba, alisikia tangazo la yule mwanamke wa Kishapu na kumwambia kwamba dada yake anamtafuta. Simu yake ilitumbukia kwenye maji ya shimo, akapoteza namba zote, kisha akaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, siku zikawa miezi. Mama hakumsema. Alimuuliza kama anakula vizuri, kama anaumwa, anataka dada yake aambiwe nini. Akamrekodi, akaenda chumbani kwake, akaandika jina lake na neno lake jipya kwa vidole viwili, akalihifadhi faili mwenyewe kwenye seva. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikufanya lolote. Dada yake alipopigiwa simu alilia, halafu akacheka, halafu akasema wabeja, wabeja, asante ya Kisukuma, mpaka salio likaisha.

Mama aliendelea na kipindi chake mpaka siku ya mwisho ya ajira yake. Meneja hakutaja tena mapokezi. Mimi mwaka uliofuata nilikwenda kusomea kompyuta jioni, redio ikinipa ruhusa ya kutoka mapema, na cheti ninacho sasa. Lakini kazi yenyewe nilijifunza wiki ile. Mtu akinijia leo na kusema seva imemkataa, siulizi ameandika nini. Naondoka kwenye kiti changu nakwenda kukaa kwake, naomba anionyeshe, naangalia. Mara nyingi tatizo ni dogo. Mara nyingine ni langu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Mama kwake, upande wa Kishapu. Nilimkuta anachambua pamba barazani na wajukuu. Tulizungumza sana habari za redio, nani kaondoka, nani kaolewa. Nikiwa karibu kuaga nilimwambia nililokuwa sijawahi kumwambia, kwamba angeweza kwenda kwa meneja na lile daftari na mimi ningefukuzwa kazi, lakini alikuja kwangu. Nikamshukuru.

Alisema kwa meneja asingefika, kwa sababu mwenye kuirekebisha seva nilikuwa mimi. Kisha akaniuliza kama nimeoa, akamtuma mjukuu ajaze mfuko wa karanga nibebe, na kunisindikiza mpaka barabarani.