Vitumbua vya Baba

Juzi nilipita sokoni Rumonge nikamkuta mwanamke akikaanga vitumbua kwa mawese. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka tu. Wewe nitakueleza kweli, maana tumezeeka pamoja.

Bibi yangu, mama mzaa baba, alitoka Ujiji. Aliloweka mchele, akautwanga kwenye kinu, akauchanganya na ndizi mbivu na iliki, kisha akauacha uumuke karibu na moto. Vitumbua vyake vilitoka vyekundu, ukingo mkavu, ndani laini. Mimi nilivigeuza kwa kijiti, na sikukosa kuungua vidole.

Vita vya Wazungu vilipofika ziwani, askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikuja kukamata wapagazi. Baba alikuwa ufukweni akishona nyavu. Wakamfunga kamba pamoja na wanaume wengine, wakawafungia kambini. Jirani yetu aliyejificha matetini ndiye aliyetuletea habari. Nyumbani mchele ulikuwa umebaki kidogo, wa mwisho. Bibi aliutwanga wote, hakungoja hata uumuke, akakaanga na kufunga vitumbua kwa jani la mgomba. Watu wazima walikuwa wakifukuzwa mlangoni pa kambi kwa kiboko, kwa hiyo akanituma mimi.

Tulikuwa na njaa ya siku nyingi. Njiani nilifungua jani nikala kimoja. Nikala kingine, nikajiambia hicho ndicho cha mwisho. Nilipofika, vilikuwa vimebaki viwili.

Baba alilitazama lile jani kubwa, kisha akautazama mdomo wangu uliong'aa mafuta. Hakunigombeza. Alinifuta kwa kiganja chake, akasema, "Mwambie bibi vimetosha, mutoto wangu. Mwambie nimeshiba."

Kesho yake waliondoka na mizigo kichwani, wakaelekea kusini. Hakurudi, wala hatukupata kujua alizikwa wapi.

Nilimfikishia bibi maneno yale kama nilivyopewa. Alilia, akamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo hakukaanga tena, na ule mkono wake sijauona kwa mpishi mwingine. Pale kambini sasa ni michikichi mitupu, na tunaokumbuka kilichokuwapo tumebaki wachache.

Kila mgeni aliyekuja kutupa pole, bibi alimwambia kwamba angalau mwanawe aliondoka ameshiba. Nilikuwa nikikaa ubavuni pake, nimeinamisha kichwa. Alifariki akiamini hivyo, na sikuwahi kumwambia.