Kipimo Nilichokitia Oili

Mimi ni fundi wa magari hapa Karatu, na gerejini kwangu kitu kikisuasua hutiwa oili. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Juzi nilinunua kipima ugumu wa chuma, cha mkononi, mtumba. Ndani yake kuna gololi inayorushwa kwenye chuma. Ikidunda kwa nguvu, chuma ni kigumu. Gololi ilikuwa inakwama kwa vumbi. Nikamimina oili, ikaanza kutembea, nikajiona injinia.

Cha kwanza kupima ni springi iliyobaki kati ya zile nilizonunua dukani kwa Mama Zuhura, muuza vipuri. Kipimo kikasema ni laini. Nyingine nilikuwa nimezifunga asubuhi ile kwenye gari la Tluway, dereva wa watalii, na sasa alikuwa njiani kuteremka nao kreta, lile bonde la wanyama. Nikampigia simu.

"Usishuke, kaka. Springi ni feki."

Akageuza gari, akarudi gerejini na watalii wake ndani.

Mama Zuhura naye nikamwita, nikamsomea mashtaka mbele ya watalii. Aliokota nyundo yangu tu.

"Pima na hii, fundi."

Nyundo ikatoka laini kuliko springi.

"Na hii nilikuuzia mimi?"

Nikakiinamisha kipimo kukikagua. Oili ikamchuruzikia Mama Zuhura kiganjani; kumbe ndiyo iliyokuwa ikiishika gololi isidunde. Akanitazama, akajifuta kwenye ovaroli langu.

Aibu niliiona, lakini zaidi nilishusha pumzi. Springi zilikuwa nzima, na watu wale wangeshuka na kupanda salama.

Tluway akafungua mlango wa gari. "Haya, wageni hawa hapa. Waeleze mwenyewe kwa nini niligeuza gari."