Mstari wa Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya walimu pale Magoma nikiwa nimevaa sweta. Mimi ni mtoto wa milimani. Kwetu asubuhi hutoki bila sweta, na hakuna aliyeniambia kwamba jua la kule chini halina utani. Mkuu wa Idara ya Kiswahili, mzee wa Tanga mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, aliitikia shikamoo yangu, akatazama jasho linavyonitiririka, akasema, "Marahaba, mwanangu. Vua kwanza hilo sweta, ndipo tuzungumze kazi."

Kazi yenyewe alinikabidhi ikiwa ndani ya kaunta buku, lile daftari kubwa la jalada gumu, alilolivika karatasi ya kaki. Ndani mlikuwa na dondoo tupu. Dondoo ni maneno ya mwandishi yaliyonyofolewa kitabuni kama yalivyo, na mitihani ya wakati wetu iliyapenda mno: unapewa mstari mmoja, unaambiwa ueleze. Zaidi ya nusu ya dondoo zile zilikuwa za mwandishi mmoja, mkongwe wa riwaya, aliyekwisha kufariki kabla sijaanza darasa la kwanza. Jina lake silitaji. Nina jambo la kuungama hapa, na sitaki lawama imwangukie marehemu asiyehusika. Wanafunzi walimwita Babu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Riwaya kubwa ya Babu ndiyo iliyokuwa kitabu cha kiada, yaani kile kilichopangwa kisomwe na kila mwanafunzi. Kila mwanafunzi! Shule nzima tulikuwa na nakala moja, haina jalada, kurasa za mwisho zimeng'oka, nayo ilikaa kabatini kwa Mkuu wa Idara chini ya kufuli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma vipande vipande tangu shuleni mpaka chuo cha ualimu, kwa kunakili ubaoni. Nilipomwuliza Mkuu wa Idara nitafundishaje kitabu ambacho hakipo, hakukasirika.

"Mtoto wa hapa nyumbani hana kitabu," alisema. "Mpe mstari mmoja mzuri aubebe kichwani. Akiupenda mstari, siku moja atamtafuta mwenyewe aliyeuandika."

Basi nikajifunza kazi kwake. Kila Jumatatu tulikata karatasi ya manila vipande vinne, tukaandika mstari mmoja wa Babu kwa maka peni, tukaubandika juu ya mlango wa darasa kwa gundi ya uji wa muhogo. Wiki nzima wanafunzi waliingia na kutoka chini yake. Ijumaa mmoja wao alisimama mbele na kueleza mstari ule unagusa wapi maisha ya kwao. Tuliita kuusimamia mstari. Kwenye andalio la somo, ile karatasi ambayo mwalimu hupanga kipindi chake dakika kwa dakika, niliandika tu "majadiliano", maana mkaguzi asingeelewa neno la kienyeji. Lakini alipokuja mkaguzi mwenyewe na kumsikia mtoto wa mkulima wa mkonge akimzungumzia Babu kana kwamba ni jirani yake, alifunga daftari lake akasikiliza. Nilivimba kichwa wiki mbili.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Mnazi. Mkuu wa Idara alinipa lile kaunta buku nilinakili lote, dondoo baada ya dondoo, kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya urithi katika kazi yetu. Mimi nilinakili kwake, naye alinakili kwa mwingine, na sijui huyo alinakili wapi.

Mkuu wa Shule wa Mnazi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na sifa yake moja ilijulikana hadi vijiji vya mbali: akisikia binti anaachishwa shule, humchukua mtendaji wa kijiji wakaenda pamoja mpaka mlangoni kwa wazazi. Alikuwa amewarudisha wengi. Alituambia kwenye kikao, "Walimu, mimi siwezi kupigania nisilolijua. Nileteeni habari mapema. Likishatendeka, mimi na mtendaji tutakwenda kunywa chai tu." Nawaomba mlikumbuke neno hilo.

Katika kaunta buku ulikuwamo mstari mmoja ambao sote tuliupenda kuliko mingine. Ni ule ambao Babu anasema kwamba binti anayemeza machozi yake ndiye anayeisimamisha nyumba ya baba yake. Siuandiki kwa maneno yake kamili, lakini maana yake ndiyo hiyo. Niliona mna heshima ndani yake, mna uvumilivu, mna malezi ya kwetu. Niliubandika kila mwaka, muhula wa kwanza, na niliufundisha kwa moyo wote.

Mwaka wangu wa saba pale Mnazi, kidato cha tatu kilikuwa na binti aitwaye Mwanaidi. Mtoto mwembamba, mwandiko umenyooka kama wa chapa, na kwa kuuliza maswali alinichosha mpaka nikamwambia aniachie nipumue. Baba yake alikuwa amefariki, naye alilelewa na mama yake chini ya usimamizi wa baba mdogo. Ijumaa ya mstari ule aliinua mkono mwenyewe. Akaja mbele, akasema:

"Mwalimu, mimi nimeuelewa hivi. Kuna mambo ya nyumbani ukiyasema, watu wote wanaanguka. Ukinyamaza, unaanguka peke yako."

Sikuwahi kusikia dondoo ikifafanuliwa namna ile na mtoto wa umri wake. Akabaki amesimama, ananitazama, hakai. Nilidhani anangoja makofi, nikaanzisha makofi. Halafu nikachomoa kalamu yangu ya wino mwekundu, ile ya kusahihishia, nikampa zawadi mbele ya wenzake.

Likizo ya Juni ilipokwisha, Mwanaidi hakurudi. Nilimsubiri siku tatu, ya nne nikachukua baiskeli. Mama yake nilimkuta anapepeta mpunga. Alinikaribisha mkeka, akaendelea kupepeta, kisha akaacha.

"Ameshaolewa, mwalimu. Shemeji ndiye aliyepanga tangu mwezi wa pili, na mtoto alijua. Wamemvusha mpaka, huko mbali sana mimi sikujui."

"Na wewe mama ulikubali?"

"Mimi ni mjane, mwalimu wangu. Nilimwita mtoto pembeni, nikamwuliza, mwanangu, umeridhia? Akaniambia, mama, shuleni tumefundishwa, binti anayemeza machozi ndiye anayesimamisha nyumba." Alishika ungo kwa mikono miwili. "Angelia tu, ningepata neno la kumwambia shemeji. Hakulia."

Nilipomweleza Mkuu wa Shule aliuliza swali moja: mtoto alijua tangu lini? Nikasema, tangu mwezi wa pili. Nami mstari nilikuwa nimeubandika mwezi wa tatu. Alitazama kalenda ukutani, hakunilaumu. Alikwenda na mtendaji hivyo hivyo, wakapewa chai.

Niliumia sana, lakini nawaambia ukweli: wakati ule sikuutilia shaka mstari. Nilijiambia kwamba Mwanaidi ameutumia vibaya, kwamba Babu hakukusudia hivyo. Mwaka uliofuata nikaubandika tena. Hilo ndilo linalonichoma zaidi nikilikumbuka.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa milimani, juu ya Soni, sweta likarudi mwilini. Mkuu wa Shule pale alikuwa mama wa Kilutheri, mzee wa usharika, asiyependa maneno mengi wala walimu wanaochelewa. Mwaka wangu wa pili kwake tulipokea boksi la vitabu: riwaya ya Babu, chapa mpya, nakala arobaini, zina jalada na kurasa zote. Walimu vijana waliligawa boksi lile kama kitu cha kawaida. Mimi nilichukua nakala yangu, nikaenda nayo nyumbani Jumamosi asubuhi, ukungu umefunika hadi mlangoni, nikaketi jikoni karibu na moto na kusoma kutoka mwanzo, kama mwanafunzi.

Sura ya tisa niliukuta ule mstari. Umo, neno kwa neno kama nilivyounakili. Lakini si Babu anayeusema. Anayeusema ni ami wa binti mmoja yatima, mtu anayetaka kumwoza mtoto huyo haraka ili abaki na shamba la marehemu kaka yake. Anamwambia maneno yale matamu akiwa amemshika bega. Nikafungua ukurasa unaofuata. Binti yule anakwenda barazani, mbele ya wazee, anasema kila kitu. Na Babu anaandika kurasa nzima nzima za jinsi wazee walivyonyamaza kumsikiliza, na jinsi shamba lilivyorudi.

Kitabu kizima kimeandikwa kuupinga mstari ule. Mimi nilikuwa nimeufundisha kwa miaka zaidi ya kumi kama neno la hekima, kwa sababu aliyeunyofoa wa kwanza hakuandika ni nani anasema, nasi tulionakili hatukuuliza. Nililia, tena kwa sauti. Mkuu wangu wa Idara alikuwa amekwisha kufariki, sikuwa hata na mtu wa kugombana naye.

Jumatatu nilikwenda kwa Mkuu wa Shule kabla ya gwaride la asubuhi. Nikamweleza yote, na habari za Mwanaidi. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Wanafunzi wameshajua?" akauliza.

"Bado, mama. Sijui nitaanzia wapi."

"Anzia ulipokosea," alisema. "Leo. Usingoje Ijumaa."

Nikaingia darasani, nikabandua mstari juu ya mlango, nikawaambia watoto kwamba mwalimu wao amefundisha kitabu asichokimaliza. Hawakucheka. Tangu siku ile hakuna mstari wa Jumatatu uliopanda mlangoni kwangu bila mambo matatu chini yake: nani anasema, anamwambia nani, na baada ya hapo kunatokea nini. Kwa lugha ya kitaaluma huo ndio muktadha, mazingira ambamo neno limesemwa. Sisi walimu tuliutaja sana mitihanini na tukaudharau ubaoni. Na mwenye kutaka kuusimamia mstari alipaswa kwanza asome ukurasa ulioutangulia na ukurasa unaoufuata. Hivyo ndivyo watoto wale walivyomjua Babu, na wapo waliomsoma mpaka vitabu vyake vidogo ambavyo hata mimi sikuwa nikivijua.

Nilistaafu na keki, kanga mbili na hotuba. Siku hizi naona mistari ya Babu inazunguka kwenye simu za vijana, imeandikwa juu ya picha ya maua, na ule wa machozi haukosekani. Wajukuu zangu wamechoka kunisikia nikiuliza, "Nani kasema? Kamwambia nani?" Wananiita Bibi Mkaguzi, na jina nimelipokea.

Nilidhani hesabu yangu na Babu imekwisha. Lakini mwaka jana, siku ya gulio pale Soni, nilikuwa nachagua karoti nikasikia, "Shikamoo, mwalimu." Nikageuka. Mama mwenye mwili, amejifunga kanga kiunoni, ameketi nyuma ya gunia la mchele wa Mnazi. Macho yale niliyajua: alikuwa Mwanaidi. Tukasalimiana Kishambaa, tukaulizana watoto. Aliachana na yule mume zamani, akarudi kwa mama yake, na binti yake sasa yuko kidato cha pili. Nikaketi kwenye gunia tupu kando yake, nikamwambia yote: ami, shamba, baraza, ukurasa unaofuata. Nikamwomba radhi.

Mwanaidi alisikiliza huku anapimia wateja mchele, kibaba baada ya kibaba. Wateja walipopungua aliweka kibaba chini.

"Mwalimu, mimi sikukukasirikia kwa ajili ya mstari," alisema. "Mstari nilijua ni uongo. Nilikuwa nao nyumbani kila siku, baba mdogo anausema kwa maneno yake. Ndiyo maana niliinua mkono."

"Uliinua mkono ili iweje, mwanangu?"

"Nilitaka uniulize ni nyumba gani. Nilibaki nimesimama, unakumbuka? Nikasema moyoni, sasa ataniuliza." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Ukanipa kalamu, nikaona basi, hata mama nikamjibu kwa mstari ule ule. Kalamu ninayo mpaka leo, wino umekauka."

Walimu vijana mnaonisoma, yale maswali matatu ni ya kitabu, nayo yatawatosha kwa kitabu. Swali la nne sikuwahi kulibandika, maana nililijua nikiwa nimeshastaafu, nimeketi kwenye gunia. Sina tena mlango wa darasa, kwa hiyo nalibandika hapa. Mtoto akimaliza kuusimamia mstari, na akabaki amesimama, msipige makofi. Muulizeni.