Makelele ya Foni

Krrr, krrr: hivyo ndivyo foni, redio yetu ya mawasiliano wakati wa vita, ilivyokwaruza kabla sauti ya mama fulani wa huko Kama haijauliza kama mume wake bado yuko hai. Aliyekuwa akizipokea na kuzirekodi sauti hizo leo ni mtunza kumbukumbu wa shirika letu hapa Mikelenge, na kidole gumba chake bado hubonyeza kitufe cha foni kisichokuwepo kila anapotaka kusema. Sauti alizorekodi zimo kwenye wingu, ghala la mtandaoni tunalolipia kila mwezi, pamoja na video za hotuba za Mkurugenzi.

Bili ilipopanda, Mkurugenzi alitangaza mbele ya kamera mbili kwamba faili isiyofunguliwa mwaka mzima, mashine itaifuta yenyewe. “Tutaanza na ile makelele yako ya foni, papa,” alimwambia mtunza kumbukumbu akicheka. “Nani anaisikilizaka?” Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, mzee alivaa visikizio vyake vilivyofungwa kwa plasta, akafungua sauti moja baada ya nyingine, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesalimiwa. Mwaka ulipotimia, bili ilishuka nusu, tukapiga makofi. Mkurugenzi akataka tutazame tena hotuba yake ya kubana matumizi. Akatafuta, akatafuta.

“Papa, diskuru zangu zote iko wapi?”

Kidole gumba kikabonyeza meza, na sauti ikatoka chini sana: “Hakuna muntu aliifungua, Direkta.”