Usiondoke, Siyo Msiondoke

Simu ililia Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi, Solange Laborie akiwa bado na rozari mkononi. Alipoipokea alimsikia Bibi Vidalenc, mwokaji mikate wa pale uwanjani, akianza kusema bila salamu. Solange akavuta kiti, akaketi. Katika mji wa Roquevayre mtu husalimu kwanza hata kama nyumba yake inaungua, na mama huyu kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumpa mtu mkate kabla ya salamu. Hivyo Solange alijua kuna msiba kabla hajaambiwa ni wa nani.

"Ni Anselme," sauti ilisema. "Saa moja hakuja kuchukua mkate. Nimefunga duka nikaenda. Nimemkuta chini, jikoni. Ameniambia, 'Usiondoke,' nikamshika mkono mpaka mwisho. Daktari yuko hapa. Poleni, Bibi Laborie. Poleni sana."

Solange alishukuru, akapiga ishara ya msalaba, akalia. Anselme Courtade alikuwa kaka yake wa pekee, wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao, na kwa miaka mingi walikuwa wakikaa benchi moja kanisani kila Jumapili. Baadaye, akifunga vifungo vya koti, maneno yale yalimrudia moja moja. Anselme. Hakusema "kaka yenu", wala "Bwana Courtade". Halafu ameingiaje ndani? Na lile la mwisho. Usiondoke, siyo msiondoke.

Kwao, mtu mmoja huambiwa "ninyi" kana kwamba ni kundi zima, mpaka siku wawili hao wakubaliane waziwazi kuliacha. Wapo majirani wanaozikana bila kufika huko. "Wewe" ni ya ndugu, ya mke na mume, ya watoto, na ya Mungu katika sala.

Na Anselme hakuwa mtu wa kuteleza katika mambo hayo. Alikuwa fundi wa mapaa miaka arobaini, na mji mzima ulijua kwamba akikaribishwa kahawa hukataa mara ya kwanza. "Sitaki kuwasumbua," angesema, kisha angesubiri kukaribishwa mara ya pili. Mwaka mmoja mwenye nyumba mgeni alimkaribisha mara moja tu, akaridhika na jibu, na Anselme akabaki juu ya paa na baridi yake hadi mchana. Siku nyingine, duka la mikate likiwa limejaa, aliingia bwana mmoja mwenye miwani ya jua, akasema, "Mikate miwili." Anselme akageuka polepole, akavua kofia. "Na ninyi pia, bwana, asubuhi njema." Foleni nzima ikatazama sakafu ili isicheke. Yule bwana alitoka nje, akaingia upya, akasalimu.

Kwa Bibi Vidalenc alikuwa na maneno yaleyale kila siku, na Solange aliyasikia mara mia akiwa nyuma yake.

"Mmeamkaje, Bibi Vidalenc?"

"Salama, Bwana Courtade. Na ninyi?"

"Kama mnavyoniona."

Sasa Solange aliyakumbuka na kuyaona ni safi mno, kama sakafu iliyopigwa deki kabla ya mgeni kufika.

Jikoni kwa kaka yake alikuta vikombe viwili vikikauka kando ya sinki. Mezani palikuwa na ufunguo wa mlango, umefungwa kwa uzi mwekundu, ule uzi wa kufungia masanduku ya keki. Kumbe mama yule alikuwa na ufunguo wake.

Kama Anselme, akiwa mjane kwa miaka mitano, alipata mtu wa kunywa naye kahawa, Mungu ni mwingi wa huruma. Kilichomchoma Solange ni Josette. Josette, mke wa Anselme, alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na kabla ya kufa alilala kitandani miaka minne, hawezi kugeuka bila msaada. Je, vikombe vile vilianza wakati ule? Kila Jumapili ya miaka ile Anselme alipanda kupokea komunyo bega kwa bega na dada yake. Kama alikuwa akipokea huku anadanganya, Solange angesimamaje mbele ya jeneza lake aombe?

Alikwenda kwa jirani yake Marthe, ambaye wamekua pamoja.

"Wewe unataka kumpeleka maiti mahakamani kwa sababu ya neno," Marthe alisema, akiendelea kumenya viazi.

"Si neno lolote tu. Ni 'usiondoke'."

"Mtu anakata roho, Solange. Ulitaka avue na kofia?"

"Anselme? Angeivua."

Marthe alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ijumaa, akimtafutia kaka yake nguo za kuzikiwa, Solange alipekua mifuko yote. Katika koti la sufu alipata karatasi yenye mwandiko wa Anselme, na tarehe ya mwezi uliopita. "Nitawasubiri Jumatatu saa tisa. Msilete mkate safari hii, nitapika mimi." Akaona ni ya wenzake wa kucheza karata. Akaikunja, akaiweka kwenye kitabu chake cha sala ili awajulishe msiba.

Jumatatu duka la mikate hufungwa. Mazishi yalikuwa kesho yake, na Padri Astruc alikuwa ameshauliza nani ataketi benchi la mbele. Solange aligonga mlango wa nyuma. Bibi Vidalenc alifungua akiwa hana aproni. Walipeana pole za kawaida, wakaulizana hali ya magoti. Alikaribishwa kahawa akakataa. Alikaribishwa tena akaketi.

"Nimekuja kuwauliza jambo lisiloulizwa," Solange alisema. "Ninyi na kaka yangu mlikuwa mnaambiana 'wewe' tangu lini?"

Bibi Vidalenc aliweka birika chini.

"Hatukuwahi."

"Mmeniambia wenyewe kwenye simu."

"Nimewaambia alichosema. Ilikuwa mara ya kwanza, na sijui hata kama ni mimi aliyekuwa ananiambia. Macho yake yalikuwa mlangoni. Labda alimwona Josette."

"Na ufunguo?"

"Alinipa baada ya kuanguka bafuni. Hakutaka mjue mkahangaika." Akapangusa meza isiyo na uchafu. "Alianza kuja hapa Jumatatu mwaka mmoja baada ya Josette kuzikwa. Miaka minne ya kahawa, Bibi Laborie, na 'ninyi' mpaka kwenye sukari. Majuzi nikamwambia, Anselme, tuache haya, tumezeeka. Akasema, nisubirini kidogo, nimwambie dada yangu kwanza. Kisha hakuwaambia. Alikuwa anawaogopa."

"Aliniogopa mimi?"

"Alisema mtahesabu miaka."

Kuhesabu miaka ndiyo kazi aliyokuwa ameifanya Solange tangu Alhamisi.

"Mwezi uliopita akaniambia siku moja atapika yeye," Bibi Vidalenc aliendelea. "Nami niende mikono mitupu. Kisha mafua yakamshika, hatukufanya."

Solange alifungua kitabu cha sala, akaitoa ile karatasi, akaisoma upya. Nitawasubiri. Msilete mkate. Wenzake wa karata hawakuwahi kumletea mtu mkate. Aliisogeza mezani hadi upande wa pili, na Bibi Vidalenc akaisoma bila kuigusa.

Njiani kurudi hakuwa na hakika kwamba ameamini yote. Karatasi ni ya mwezi mmoja, na miaka ni mingi. Lakini mtu anayedanganya, alijiambia, haandiki "ninyi" kwenye karatasi asiyotazamia mwingine aione. Usiku ule alisali kwa ajili ya kaka yake, na baada yake akajiombea msamaha.

Misa ilianza saa nne. Bibi Vidalenc aliketi nyuma, karibu na mlango, kama mteja. Padri Astruc alisoma, waumini wakaimba, kisha watu wakapanga foleni kulinyunyizia jeneza maji ya baraka. Solange alikuwa wa kwanza. Alichora msalaba hewani, akasema, "Bwana, mpokee." Baada yake ilikuwa zamu ya Marthe, aliyekwisha kunyoosha mkono. Solange alimpita akiwa na kinyunyizio, akashuka katikati ya kanisa mpaka benchi la mwisho.

"Huguette," alisema. "Chukua."

Hakusema chukueni. Huguette Vidalenc alisimama, akakipokea kwa mikono miwili, wakapanda pamoja mpaka mbele.

Makaburini mvua ilikuwa nyepesi. Wanaume wanne walilishusha jeneza kwa kamba, kando ya Josette. Watu walimbusu Solange mashavuni mara nne kila mmoja, kisha wakambusu Huguette, na saa sita kasoro wote walikuwa wameondoka.