Kanuni ya Kufumba Macho

Kanuni ile niliiandika mimi mwenyewe, kwenye ukurasa wa pili wa daftari la mafunzo: mtoto anayeomba hufumba macho, hukunja mikono, hatikisiki. Niliona nimefanya la maana. Leo nikikumbuka natamani ningeuchana ukurasa ule nikawashie mkaa.

Kanisa letu lilikuwa Kabondo, mtaa mmoja wa mji wetu. Waliofundisha watoto siku ya Jumapili tuliwaita monita, na monita hakulipwa hata sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Majeshi mawili ya wageni yalipokuja kupigana ndani ya mji wetu, kana kwamba kwao hakuna viwanja, monita wengi walikimbia na hawakurudi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule, nikapewa kazi ya kuwaandaa wapya. Tulikutana kila Jumamosi asubuhi, chini ya bati lililotobolewa na vipande vya mabomu.

Mwisho wa mafunzo kila mmoja alifundisha somo moja mbele ya watoto wenyewe, na sisi wawili tukisikiliza: mimi na rais wa kamati ya kanisa, papa, yaani baba mmoja wa suti na kalamu tatu mfukoni, sijui mbili za nini. Ukifaulu, tunatia saini zetu kwenye brevet, cheti cha monita, na unapewa darasa. Ukianguka, hupati kitu.

Kati yao alikuwepo mama mmoja muuza pondu. Siku za mabomu aliwafungia watoto wa majirani jikoni kwake, akawalaza sakafuni na yeye juu yao, mpaka milio ilipokoma. Tangu hapo watoto wale walimwita tantine, shangazi, na kumfuata kila aendako. Alitaka kitu kimoja tu duniani, apewe darasa la wadogo, na wadogo wenyewe ndio hao.

Siku ya mtihani alifundisha vizuri kuliko wote. Ulipofika wakati wa kuomba, aliwaketisha watoto migongo ukutani, nyuso mlangoni, akasema taratibu, "Tuombe, batoto. Macho inaweza kubakia wazi, haiko mubaya." Wakaomba huku wakiutazama mlango. Sauti zao zilikuwa tulivu, na hakuna aliyekurupuka akamkanyaga mwenzake.

Rais akapiga meza. "Iko nini hii? Batoto bote bafunge macho!"

Wakashtuka. Kasichana kamoja ka miaka mitano hivi kakafumba macho kwa nguvu, kakaziba masikio, kakaanza kutetemeka mwili mzima. Kisha nikaona maji yakichuruzika miguuni pake.  Mimi nilikaa kitini, naona aibu kuipinga kanuni yangu mwenyewe, nikamwacha tantine ndiye aende kumbeba.

"Papa," alisema, mtoto akiwa kifuani, "bakifunga macho banasikia mabombi tena. Nilijaribu mara mingi, habaweze. Donc nikabaambia baombe vile banaweza."

"Kanuni iko kanuni. Page ya pili." Akanigeukia. "Si weye mwenyewe uliandika, mama?"

Nikakubali kwamba niliandika mimi. Akachora sifuri kubwa kwenye karatasi ya yule mama, akamwambia aende na watoto wake, brevet hakuna.  Tantine akawapanga wawili wawili akatoka nao, na yule mwenye gauni lililolowa bado yuko kifuani.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, baada ya mwenye haja kuondoka! Nikamwambia rais nilikosea kuandika, nikamuuliza ni mzazi gani anayemtisha mtoto ili amwombe Mungu. Akanijibu kwamba mimi naleta mambo ya huruma kwenye kazi ya nidhamu, na kwamba kanisa halilei waoga. Waoga! Kuhusu watoto waliolala sakafuni siku zile! Nilitaka kuinuka niende zangu, lakini akasema, "Bon, tusimame, tufunge kwa maombi."

Akaomba. Alimshukuru Mungu kwa amani, kwa sauti ya mimbari, na nilimwona vizuri kabisa. Macho yake yalikuwa wazi, yamekazwa mlangoni. Toleka moja, baiskeli ya abiria, ilipita barabarani, mnyororo ukagongagonga, na macho yale yakaifuata dirisha hadi dirisha mpaka ikapotea.

Baada ya amina nikamwambia, "Papa, ulikuwa unaomba na macho wazi."

Akakunja uso. "Na weye umeona namna gani?"

"Yangu pia ilikuwa wazi. Tangu mabombi sijaweza kuifunga ndani ya kanisa."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Jumamosi zote zile niliwafundisha watu wazima kuwafumbisha watoto macho, na mimi mwenyewe nikiwa mlinzi wa mlango.

 Rais akaisukuma brevet ya tantine mbele yangu. "Signe weye," akasema, akachukua kofia yake akatoka. Nikatia saini yangu, na tantine akapata darasa kwa brevet yenye saini moja.

Watu walinisifu kwa hilo. Waache wasifu. Yule mtoto alivuka mtaa mzima mchana kweupe na gauni lililolowa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwomba radhi, wala mimi niliyepaswa kuwa wa kwanza.