Blanketi la Pombe

Kila nikipita penye harufu ya chachu ya mikate, ninamwona bibi jikoni kwetu Nkungu, ameinamia bidoni, dumu la kasiksi, pombe ya ndizi ya harusi ya shangazi. Mvua ilikuwa imeleta baridi, na povu lilikataa kupanda. Bibi akalifunika bidoni kwa blanketi la babu.

"Na miye ntajifunika nini?" babu akauliza.

"Mzee, uvae koti. Weye ukisikia baridi utakohoa tu. Pombe ikisikia baridi, bakwe batakunywa mayi."

Asubuhi tulimkuta babu amelala jikoni, amelikumbatia bidoni chini ya blanketi, povu limemtiririkia hadi kifuani. Bibi alionja povu kwanza, akamshukuru Mungu, ndipo akakumbuka kuuliza kama mumewe yu hai.